Kibao cha Chumba cha Tatu

Kisugu, Kampala
17 Machi 2025

Mpwa wangu Nelima,

Salamu kutoka kwetu. Tu wazima, ila presha ya anti yako Awiti imepanda tena. Daktari amemkataza chumvi, naye amelichukulia katazo hilo kama tusi nililomtuma daktari mimi. Mwanetu Barasa hajatupigia tangu ahamie Nairobi. Kazini kwangu Nateete tunachapa kadi za harusi na mabango ya wahubiri, na nikwambie ukweli, hakuna watu wanaokosea tahajia kama wahubiri.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu mtandao wa kisiwa chenu cha Nsirwe unameza nusu ya kila sentensi, na nusu inayobaki ungeikata wewe kwa hasira. Barua nitampa Aristide, yule Mkongo anayenunua mukene, hao dagaa wenu. Kila Alhamisi yuko gatini Ggaba.

Uliniomba nije nione makumbusho yako, nikaja. Sasa unataka kujua nimeonaje. Mwalimu mzima, umesomeshwa kwa jasho la nyanya yako, halafu unachukua ghala la samaki, unalipaka chokaa, unaliita makumbusho ya historia! Ukuta bado unanuka sangara. Huyo mwenyekiti wenu Lubwama alinipokea mlangoni na fimbo mkononi kama anachunga mbuzi. Akaelekeza fimbo kwenye karabai.

"Hii taa ni ya zamani sana," akasema.

"Ya mwaka gani?"

"Ya zamani."

"Zamani ipi, mwenyekiti?"

Akafikiri. "Ile ya kabra ya sora."

Kabla ya sola! Karabai kama hiyo niliiona wiki iliyopita soko la Nateete, inauzwa, inawaka. Halafu kuna fuvu la mamba ambalo taya la chini ni la mnyama mwingine, nadhani ndama. Kuna jiwe lenye kadi iliyoandikwa JIWE. Kuna picha ya bwana mmoja wa kikoloni amekaa kwenye kiti cha kukunja, na kadi yake inasema MZUNGU. Nilimuuliza Lubwama mzungu huyo alikuwa nani, akanijibu kwamba alikuwa mzungu. Wageni wengine walikuwa wanatikisa vichwa kwa heshima. Watu wa kisiwa hicho wakiambiwa sufuria ni takatifu wataivulia viatu.

Chumba cha tatu sikukiangalia sana. Boti ilikuwa karibu kuondoka.

Usikasirike. Ningekuwa sikupendi ningekusifu.

Ni mimi mjomba wako,
Wanyama


Nsirwe
4 Aprili 2025

Kwa Mjomba Wanyama,

Shikamoo, Mjomba. Natumaini Anti Awiti anaendelea vizuri. Nimempa Aristide majani ya mchaichai amletee, anywe jioni badala ya kukulaumu. Huku mvua imeanza, paa la darasa la nne limevuja, na watoto wanasoma wamesongamana upande mmoja. Mimi mzima.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili nilicheka pale kwenye JIWE. Lubwama ndiye aliyeandika zile kadi. Alikuwa na furaha sana siku hiyo, sikuweza kumwambia chochote.

Lakini unasema chumba cha tatu hukukiangalia sana. Mjomba, ulisimama mule muda mrefu mpaka Lubwama akaenda kukutafutia kiti. Na boti yako iliondoka saa kumi. Ulitoka saa saba, ukakaa gatini peke yako, wakati mimi nilikuwa nimepika sato na matoke, nimealika walimu wenzangu waje wamwone mjomba wangu wa Kampala. Sikuuliza siku ile, nauliza sasa. Ulikuwa umekasirika?

Kama ni kwa ajili ya jina la mama, ningekuelewa. Mimi mwenyewe kila nikifagia chumba kile namwona pale kwenye orodha, wa nne, Naliaka. Watu kumi na mmoja waliozama, na kisiwa hiki hakina kaburi hata moja lao. Ndiyo maana nilitaka kibao. Sikuwa na kitu kingine cha mama cha kuweka.

Sasa kuna jambo. Alal, binti wa Odyek yule nahodha, amekuja shuleni kulalamika. Watoto walisoma kibao wakamtungia mwanawe wimbo wa mjukuu wa mlevi. Anataka neno hilo litoke. Lubwama amemwambia historia haifutwi kwa machozi. Na mimi, Mjomba, sikumtetea. Baba yake aliniulia mama nikiwa na miaka sita. Nilimsikiliza nimesimama, sikumpa hata kiti.

Ombi langu ni hili. Wewe ni mchapaji. Tuchapie kadi zote upya, kwa plastiki ngumu isiyooza, pamoja na kibao kile. Nimekuandikia maneno yote kama yalivyo. Rekebisha Kiswahili utakavyo.

Mpwa wako,
Nelima


Kisugu
6 Mei 2025

Nelima,

Mchaichai umefika. Awiti anaunywa na kuniangalia vibaya vilevile. Barasa amepiga simu hatimaye, kuomba nauli ya kuja kutusalimu, kisha hakuja.

Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa na njaa ya hewa. Na hao walimu wenzako nisingewaweza.

Nakuletea kadi ishirini na mbili, herufi nyeusi juu ya nyeupe. Mzungu nimempa maelezo: "Ofisa wa utawala wa kikoloni, jina halijulikani." Jiwe nimeliacha, kwa sababu sijui kadi ya jiwe inaweza kusema nini zaidi. Mwambie Lubwama asiongeze chochote kwa kalamu.

Kibao cha chumba cha tatu sikukichapa, na sitakichapa. Nina miaka ishirini na sita katika kazi hii, nimechapa upuuzi wa kila aina, lakini hata upuuzi una kiwango. Hebu yasome tena maneno ya huyo mwenyekiti wako: "Tarehe 9 Agosti 1997 boti ya kijani yenye injini ya arobaini ilizama ikitoka Ggaba. Nahodha Odyek alikuwa mrevi."

Achana na mrevi. Ukiondoa tarehe, hakuna neno la kweli hapo. Boti ilikuwa ya buluu. Injini ilikuwa ya nguvu ishirini na tano, na ilikuwa kuukuu, inazimika ukipunguza moto ghafla, lazima uivute kamba mara tatu nne. Arobaini ingepanda lile wimbi. Na Odyek hakuwa amelewa. Alikuwa amelala mbele chini ya turubai, anatetemeka kwa homa, hata kichwa hakuweza kuinua. Mtu hajui kitu, hajauliza kitu, anashika kalamu anaandika ukutani! Halafu mnawaleta watoto wa shule wasome. Heri msingekuwa na makumbusho kabisa.

Waambie wakitoe. Kitoe kesho.

Wanyama


Nsirwe
15 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Kadi zimefika, ni nzuri, Lubwama amezipangusa kwa leso yake. Paa bado linavuja.

Nauliza jambo moja. Waliokaa mbele ya boti ile walikufa wote. Waliopona walikuwa wanawake wawili wa Jinja waliokaa katikati, na walichosema tu ni kwamba kulikuwa na mvua na hawakumjua anayeendesha. Nyanya alinieleza hivyo tangu utotoni. Na alinieleza kwamba siku ile wewe ulikuwa Nateete, unatafuta kazi.

Nani alikwambia Odyek alikuwa na homa? Nani alikwambia kamba ilivutwa mara ngapi?

Nelima


Nsirwe
19 Juni 2025

Mjomba,

Wiki tano zimepita. Aristide anasema barua alikupa mwenyewe mkononi, mbele ya mlango wako, ukaiweka mfukoni bila kuifungua. Simu hushiki. Anti Awiti ananiambia uko kazini hata Jumapili.

Kibao sijakitoa. Nasubiri.

Nelima


Kisugu
27 Julai 2025

Nelima mwanangu,

Awiti hajambo. Mimi sijui nilivyo. Barua hii nimeianza mara nyingi, na kila mara nilijikuta nasahihisha sentensi badala ya kuziandika, kwa hiyo hii nitaituma na makosa yake.

Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika injini.

Odyek alikuja Ggaba asubuhi ile akiwa mgonjwa. Mwenye boti hakutaka kusikia; ilikuwa siku ya soko, mizigo imeshapakiwa, magunia ya unga mpaka ukingoni. Odyek akaniambia, "Wanyama, wewe unajua injini. Nishikie mpaka Nsirwe." Nikamwambia hata mpaka Mwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa najua kila kitu.

Tulipopita kisiwa cha kwanza wingu lilikuwa limeshasimama mbele yetu, jeusi. Abiria wakaanza kusema tuingie ufukweni tungoje. Mzee mmoja alinisihi kwa jina la Mungu. Nikawacheka. Nikawauliza kama wamekuja ziwani au wamekuja kuoga kwenye beseni. Nikasema anayeogopa ashuke atembee. Ndivyo nilivyosema, Nelima, kwa sauti ya juu, na wengine wakacheka pamoja nami kwa sababu hawakutaka kuonekana waoga.

Mama yako hakucheka. Alikuja nyuma akipita juu ya magunia, akaniambia kwa lugha yetu, "Geuza. Nina mtoto nyumbani." Nikamjibu arudi akakae na wanawake wenzake.

Halikuwa wimbi kubwa hata. Nilipunguza moto kwa pupa, injini ikazimika, boti ikageuka ubavu, magunia yakateleza. Sikumbuki nikianguka. Nakumbuka nimeshika jerikeni la petroli, na mama yako ameshika upande wa pili. Tulikaa hivyo muda mrefu. Alikuwa anakutaja. Kisha alichoka akaachia. Sikumsukuma. Najua utajiuliza, ndiyo maana nimeandika.

Boti ya mkaa iliniokota jioni ikanishusha Ggaba. Hawakuniuliza jina, nami sikulitaja. Siku ya tatu nikasikia mwenye boti amewaambia polisi kwamba Odyek alikuwa mlevi. Aliogopa wasije wakamuuliza habari za magunia. Nikawaza nitasema kesho. Nikapata kazi ya kufagia pale kiwandani, nikamwandikia nyanya yako kwamba nilikuwa Nateete tangu mwezi uliopita. Alinijibu kwa kumshukuru Mungu kwamba amembakizia mmoja.

Sasa unajua mtu aliyesimama kwenye chumba chako akidharau karabai. Nilipokisoma kile kibao niliona ujinga wa Lubwama, nikafurahi kwa ule ujinga, maana ulikuwa unanificha. Kisha ukaniletea nikichape kwa mikono yangu mwenyewe. Hilo tu ndilo lililonishinda. Ungempa mchapaji mwingine ningekufa na siri hii.

Fanya utakalo na barua hii.

Wanyama


Nsirwe
10 Agosti 2025

Mjomba Wanyama,

Msalimie Anti Awiti. Sina habari za nyumbani za kukupa.

Jana ilikuwa tarehe tisa. Kila mwaka naenda ufukweni asubuhi na kuwasha mshumaa mmoja. Jana sikwenda.

Unaandika "sikumsukuma, najua utajiuliza." Sikujiuliza mpaka uliposema. Sasa najiuliza nikiwa darasani, nikiwa nafua, nikiwa nasali. Hilo umeniletea wewe, katika bahasha, kwa mkono wa mchuuzi wa samaki.

Nimekumbuka zawadi zako zote. Viatu vya shule, sanduku la bati, redio. Kila Krismasi ulikuja Busia ukatukosoa wote, ugali wa nyanya haujaiva, Kiingereza changu cha kijijini, mume wangu marehemu hajui kuvaa tai. Tulikuwa tunasema ni kwa sababu una akili kutuzidi. Tulikuogopa. Nikifikiri kwamba nilikuwa nakaza mgongo ili nipendeze machoni pako, najichukia.

Na Alal. Nimempita barabarani miaka yote niliyokaa hapa kama anayepita jalala. Mimi nilijifunza wapi kumtazama mtu hivyo?

Barua yako sitaionyesha kwa Lubwama wala kwa mtu. Kusema si kazi yangu. Chapa kibao upya. Weka jina lako, jina lote, na la Odyek, na ulichofanya, kwa Kiswahili ambacho mtoto wa darasa la tatu ataelewa. Usikitume. Kilete mwenyewe, siku ya Jumamosi watu wakiwepo, ukisome mbele ya Alal. Ukishindwa, mimi nitaondoka Nsirwe, na wewe utakuwa huna mpwa. Sikutishi. Nakueleza tu mambo yatakavyokuwa.

Nelima


Kisugu
2 Septemba 2025

Nelima,

Nimemwambia Awiti. Tangu Ijumaa anapika na kutia chumvi.

Vijana wa kiwandani niliwafukuza mchana nikapanga herufi mwenyewe. Maneno ni haya: "Tarehe 9 Agosti 1997 boti ya abiria kutoka Ggaba ilizama karibu na Nsirwe. Watu kumi na mmoja walikufa. Nahodha Odyek alikuwa mgonjwa na hakuendesha. Aliyeendesha ni Simiyu Wanyama. Abiria walimwomba asimame, akawacheka. Alipona, akanyamaza miaka ishirini na minane, na Odyek akalaumiwa kwa uongo." Chini yake majina yote kumi na moja.

Lubwama akitaka kupunguza makali, mkataze.

Polisi wanaweza kuja baada ya hapo. Waje. Nitakuwa huko Jumamosi tarehe 27, na boti ya asubuhi. Tangu 1997 sijapanda boti ila ile siku ya Machi na nilitapika kwenda na kurudi. Sisemi ili unihurumie.

Wanyama


Nsirwe
20 Oktoba 2025

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Nimesikia polisi wa Ggaba walikuita, wakachukua maelezo, wakakuambia uende nyumbani hadi wakuhitaji. Nimesikia pia Anti Awiti amekwenda kwa dada yake Kisumu. Pole. Paa la shule limezibwa.

Uliondoka na boti ya saa nane kwa hiyo kuna mambo hukuyaona, nami naona ni haki yako kuyajua.

Nilidhani utasoma kwa ile sauti yako ya kusahihisha watu. Ulisoma kama mgonjwa anayesoma karatasi ya dawa, na ulipofika kwenye "akawacheka" ulirudia neno hilo mara mbili, sijui kama ulijua. Wewe ulikuwa umeinamisha kichwa. Mimi nilikuwa namtazama Alal. Hakusogea. Watu walikuwa wanamtazama yeye pia, wanangoja alie, au akupige, ili waende nyumbani na hadithi. Hakuwapa.

Ulipotoka, Lubwama aliinuka kuhutubia. Alianza kusema kwamba makumbusho yetu sasa yameandika ukweli na kwamba ni siku kubwa kwa kisiwa. Alal akamkatiza.

"Mwenyekiti, baba yangu alikuwa Mlokole."

Lubwama akakaa.

"Mlokole," akasema tena. "Aliokoka kabla sijazaliwa. Hakuonja pombe maisha yake yote, hata togwa alikataa. Kila mtu aliyesali naye alijua, na wazee wenu hapa wawili walisali naye." Akawaonyesha kwa kidole, mmoja mmoja, wakatazama chini. "Mna makumbusho. Mna fimbo ya kuelekezea. Mmepima urefu wa fuvu la mamba. Nimekaa mita mia kutoka mlango huu tangu mlipoufungua, na hakuna hata mmoja aliyevuka njia kuniuliza swali moja."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mwalimu, nilikuja kwako."

Nilisema, "Ulikuja."

"Mwambie mjomba wako nimesikia. Asimtume mtu kuja kuniuliza kama nimesamehe. Nikisikia swali hilo nitamwagia mtu maji ya moto."

Akatoka. Watu wakatawanyika, na Lubwama akabaki anapangusa kibao ambacho hakikuwa na vumbi.

Nilikaa siku tisa nikitafuta namna ya kwenda kwake ambayo haitakuwa aibu. Haipo. Siku ya kumi nilichukua daftari na kalamu nikavuka njia. Alikuwa anachambua mchele mbele ya hoteli yake. Sikumwomba msamaha, niliona ningekuwa namwongezea kazi. Nilimuuliza baba yake alizaliwa wapi.

Alinitazama kuanzia viatu. Mjomba, nimetazamwa na wewe miaka yote, nilidhani najua kudharauliwa. Sikujua. Aliendelea kuchambua mchele mpaka ungo ukaisha, akamwaga takataka karibu kabisa na miguu yangu, akavuta kiti kwa mguu mpaka kwangu.

"Andika," akasema.

Tumefika ukurasa wa kumi na moja, na baba yake bado hajaoa. Nakwenda kila Jumanne. Hanipi chai.

Krismasi usije. Mimi na wewe sijui tutakuwa nini, na sitaki kukudanganya kwa maneno mazuri. Usitume viatu wala redio. Mwaka ujao nitakuandikia mimi kwanza, usiniandikie kabla.

Kula vizuri, maana uko peke yako.

Nelima wa Naliaka